Ndugu wa Makobola Anatafutwa kwa Jina Gani?

Ukitoka Uvira kuelekea Baraka kwa barabara ya taifa namba 5, Ziwa Tanganyika likiwa kushoto na milima kulia, Makobola ndiyo mlango wa eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo. Hapa wanaishi wavuvi, wakulima wa mihogo na akina mama wauza ndakala, yaani dagaa, na karibu kila nyumba ina mtu wake wa mbali. Huyu yuko kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, yule yuko Nakivale, Uganda, mwingine Bujumbura, mwingine Kentucky au Texas. Kinachowaunganisha na waliobaki ni simu, na ndani ya simu ni Facebook na WhatsApp. Kwa hiyo siku mama anapoandika jina la mwanawe na jina lisitokee, nyumbani hakuna anayesema kwamba mtambo una hitilafu. Maswali huwa mawili tu: amekufa, au ametukataa?

Niseme mapema kwamba mara nyingi jibu si la kwanza wala la pili. Ukurasa wa mtu hukosekana kwa sababu za kawaida kabisa, na nyingi kati ya hizo zina mzizi mmoja. Waliotengeneza njia za kutafutana mtandaoni walimfikiria mtu mwenye jina moja linaloandikwa namna moja, namba moja ya simu, kitambulisho kimoja na makazi yasiyohama. Mtu wa namna hiyo ni nadra sana Fizi.

Hofu ya watu wa hapa ina chanzo chake, na haifai kuibeza. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, waasi wa RCD wakisaidiwa na majeshi ya Rwanda na Burundi wakiwa ndio wanaoshika eneo hili, watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola II na vijiji vya jirani. Ndiyo hesabu iliyotolewa mwaka 2010 katika ripoti ya Umoja wa Mataifa, ile ambayo Wakongo wengi wanaiita Mapping. Waliopona walivuka ziwa, walipanda milimani, walishuka kusini kuelekea Mboko na Baraka. Mume huku, mke kule, watoto na shangazi. Mzee aliyepita katika siku zile akiona jina la mtoto limetoweka kwenye simu, hawezi kuanza kwa kufikiria mipangilio ya programu.

Na haukuwa msafara mmoja. Vita vya 1996 vilikuwa vimeshawapeleka wengi Tanzania, na Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Oktoba 2005 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilianza kuwarudisha waliotaka kurudi, kwa meli, Kigoma hadi Baraka. Wengine walibaki kambini, na kuanzia 2015 ukaja mpango mkubwa wa kuwahamishia Marekani Wakongo wa Nyarugusu, zaidi ya watu elfu thelathini. Katika mwaka wa fedha wa 2016 hakuna nchi iliyotoa wakimbizi wengi kwenda Marekani kuliko Kongo. Kisha Desemba 2025 Uvira ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, na makumi ya maelfu wakavuka kwenda Burundi, wengine wakashika njia ya Fizi. Kila safari kati ya hizo ilibadilisha vitu viwili ambavyo mitandao inavitegemea kuliko vyote: jina la mtu na namba yake.

Jina lile lile, karatasi nne

Tuseme kijana amezaliwa Makobola, akapewa jina la babu yake, Wilondja. Baba yake ni M'munga. Katika desturi za Wabembe wa hapa mtoto hupewa jina lake mwenyewe, halazimiki kubeba la baba. Shuleni, mwalimu anaandika kwa utaratibu wa Kongo: jina, jina la pili, halafu jina la ubatizo. Kijana anakuwa Wilondja Asukulu Jean. Vita vinakuja, anafika Nyarugusu. Afisa wa huko amezoea jina la mtu, la baba na la babu, wala hajazoea kuandika "dj". Kijana anatoka ofisini akiwa Wilonja Mmunga. Miaka inapita, anapanda ndege. Marekani fomu inataka jina la kwanza na jina la mwisho, kazini wanamwita John, na siku anapofungua Facebook anaandika John Munga.

Mama yake, Makobola, anatafuta Wilondja Asukulu. Hatampata. Ukurasa upo, uko wazi, una picha zake akiwa na koti la baridi, na hakuna aliyeuficha.

Mfano huu nimeutunga, lakini kila hatua yake inajulikana kwa yeyote aliyewahi kupanga foleni ya kuandikishwa. Djuma na Juma, Chabani na Shabani, Oumari na Omari, Assumani na Asumani: aliyesoma kwa Kifaransa huandika hivi, aliyesoma Tanzania huandika vile, na mtu mmoja anaweza kubeba tahajia zote mbili kwenye karatasi tofauti. Tarehe za kuzaliwa hazisaidii kitu. Wakimbizi ambao siku yao haikujulikana huandikiwa tarehe 1 Januari, na ndiyo maana ukoo mzima unaweza kupokea salamu za siku ya kuzaliwa asubuhi moja.

Wazee wana tabu yao. Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, akina Pierre na Marie waliyaacha majina hayo kwenye karatasi, lakini nyumbani na kanisani waliendelea kuitwa hivyohivyo. Wajukuu leo wanawatafuta kwa jina ambalo huenda halimo tena kwenye hati zao. Wanawake nao, mtu anayejulikana kijiji kizima kama Mama Furaha anaweza kujiandikisha hivyo, akaingia katika umati wa akina Mama Furaha wa kutoka Kalemie hadi Mombasa. Vijana hujiita majina ya wachezaji mpira, ya mitume, ya vyeo walivyojipa. Picha inayowekwa si lazima iwe uso: ni mchungaji, ni ua, ni mtoto mchanga wa dada.

Kitafutio cha Facebook hukisia baadhi ya tofauti za tahajia, na kikikisia huleta orodha ndefu. Katika orodha hiyo wale mlio na marafiki wa pamoja na wale wanaokaa karibu nawe hupanda juu, wageni hushuka chini. Kwa mtu wa London anayemtafuta jirani yake, mpangilio huo unafaa. Kwa mama wa Makobola anayemtafuta mwana waliyeachana kabla hata ya simu kufika kijijini, mwana anayekaa bara jingine na asiyekuwa na rafiki hata mmoja wa pamoja naye, mpangilio huo unamweka anayetafutwa mahali ambapo kidole hakifiki kabla mega za intaneti hazijaisha.

Mlango uliofungwa Aprili 2018

Kulikuwa na njia ya kulikwepa tatizo la majina. Mpaka Aprili 2018 uliweza kuandika namba ya simu kwenye kitafutio cha Facebook, na ukurasa wa mwenye namba ukatokea, isipokuwa kama yeye mwenyewe alizuia. Namba haina "dj" wala "j". Haina jina la baba wala la ubatizo. Mtu asiyejua kusoma vizuri aliweza kuiandika.

Ikaja kashfa ya kampuni ya ushauri wa siasa ya Cambridge Analytica, iliyogusa taarifa za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87, na Facebook ikaondoa utafutaji kwa namba. Tangazo lilitolewa na Mike Schroepfer, mkuu wa teknolojia wa kampuni wakati huo. Alieleza kwamba wenye nia mbaya walikuwa wakiingiza namba walizokuwa nazo ili kuvuna taarifa za watu. Katika tangazo hilohilo alikiri jambo ambalo sisi tunapaswa kulikumbuka: njia hiyo iliwafaa hasa watu wa lugha ambazo majina yake ni magumu kuandika, au mahali ambapo wengi wanachangia jina moja. Alitoa mfano wa Bangladesh, ambako asilimia 7 ya utafutaji wote ulifanywa kwa namba ya simu au anwani ya barua pepe.

Kwa hiyo kampuni ilijua nani ataumia. Ilifunga mlango ikijua, na haikufungua mwingine kwa ajili ya watu hao. Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Sisemi mlango ule urudishwe kama ulivyokuwa, maana hatari ilikuwa ya kweli: Aprili 2021 zilimwagwa hadharani taarifa za watumiaji wa Facebook milioni 533, namba zao za simu zikiwemo. Katika nchi yenye wenye silaha wengi kama yetu, namba inayoweza kumfikisha mtu yeyote kwenye uso wako na majina ya watoto wako ni hatari. Lakini kati ya mlango ulio wazi kwa kila mpita njia na ukuta mtupu kuna mambo mengi yanayowezekana, na nitayarudia.

Namba zenyewe hufa

WhatsApp inategemea namba, na namba ya mtu anayekimbia haidumu. Laini huachwa kwenye nyumba iliyoungua, huporwa pamoja na simu, au hukaa bila kutiwa unite, yaani salio, mpaka kampuni inaichukua na kuiuza kwa mteja mwingine. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Tanzania ilipoanza kuzima laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole, Januari 2020, mkimbizi aliyekuwa akiongea kwa laini ya jina la mtu mwingine aliweza kulala ana namba na kuamka hana.

Kuna jambo moja katika haya linalotisha kuliko yote. Namba ikishauzwa upya, mwenye nayo mpya akifungua WhatsApp, kwenye simu yako jina ulilohifadhi hubaki lilelile. Bado pameandikwa Yaya, au Baba Mdogo. Lakini picha sasa ni ya mtu usiyemjua. Aliyekutana na hilo kwa mara ya kwanza, usiku, baada ya kusikia habari za mapigano, hawezi kulaumiwa kwa kudhani kwamba simu imechukuliwa kutoka kwenye mwili wa ndugu yake. Maelezo ya kawaida ni kwamba laini ililala, ikauzwa.

Tiki moja nayo imevunja udugu mwingi. Ujumbe wenye tiki moja umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu ya mwenzako. Aliyekubloki huonekana hivyo, ni kweli. Huonekana hivyo pia mtu ambaye simu yake imezima kwa kukosa pa kuchaji, ambaye rezo, yaani mtandao wa simu, imekatika kijiji kizima, ambaye hana mega, au aliyepanda milimani kulima kwa wiki nzima. Kwa mtu aliye Makobola, Swima au Mboko, sababu hizi za pili ni za kila siku. Aliye Marekani, umeme haukatiki kwake, husahau upesi. Anahesabu siku tatu za tiki moja na kuanza kuuliza kwenye grupu kwa nini mjomba amemchukia.

Marehemu hafuti ukurasa

Nirudi kwenye swali la kwanza la nyumbani, lile la kifo, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawajalitafakari. Mtu akifa, ukurasa wake wa Facebook hauondoki. Unabaki vilevile, na picha zake, na jina lake linaendelea kutokea kwenye kitafutio. Ndugu wakiiarifu kampuni na kutoa uthibitisho, ukurasa hugeuzwa kuwa wa kumbukumbu, na bado unabaki. Huondoka pale tu ndugu wa karibu wanapoomba uondolewe, au mwenyewe alipokuwa ameacha maagizo hayo akiwa hai.

Ukurasa uliotoweka basi ni ushahidi dhaifu sana wa kifo. Unaonyesha kwamba kuna mkono uliougusa: mkono wa mwenyewe, wa mwizi, au wa kampuni. Ukimya wa muda mrefu kwenye ukurasa ambao bado upo unastahili wasiwasi zaidi kuliko ukurasa uliopotea. Ningependa kila familia yenye mtu wa mbali ilijue hili.

Mkono wa mwenyewe una njia kadhaa. Anaweza kuuzima ukurasa kwa muda, nao hurudi siku anapoingia tena. Anaweza kuufuta, hapo ana siku 30 za kughairi, na zikipita hakuna kurudi. Anaweza kubadilisha jina, jambo ambalo Facebook huruhusu tena baada ya siku 60. Na anaweza kukubloki wewe peke yako. Kuzitofautisha si vigumu sana. Mwombe mtu mwingine, asiye na ugomvi na yeyote, atafute jina hilohilo kwa simu yake. Akiliona na wewe hulioni, huenda umeblokiwa. Asipoliona naye, fungua mazungumzo yenu ya zamani ya Messenger: kama mahali pa jina pameandikwa "Mtumiaji wa Facebook" tu, akaunti imezimwa, imefutwa au imefungwa. Kama pana jina jipya ambalo hulijui, ndugu yako yupo, amejiita vingine, au ameibiwa.

Wizi huu umekuwa biashara. Mwizi akishaingia kwenye ukurasa wa mtu aliye Amerika hubadilisha namba na neno la siri, kisha huwaandikia watu wa nyumbani akiomba watume pesa haraka kwa M-Pesa au Airtel Money. Wengine hawaibi, wanaiga: wanachukua picha na jina, wanafungua ukurasa mpya, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kumbloki mwenye jina lake ili asiuone. Yeye anaapa kwamba ukurasa huo haupo, wanakijiji wanaapa kwamba wameongea naye jana. Wote wanasema kweli.

Mkono wa kampuni ni mzito zaidi, kwa sababu hakuna ofisi ya kwenda kubisha. Ukurasa ukiripotiwa na watu wengi, au mashine ikishuku jina, hufungwa, na mwenyewe huombwa kitambulisho. Kongo imekaa miongo kadhaa bila kitambulisho cha taifa mikononi mwa raia. Kadi ya mpiga kura ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Mkimbizi ana karatasi ya UNHCR. Jina la kwenye karatasi ni Wilonja Mmunga, la kwenye ukurasa ni John Munga, tarehe ya karatasi ni 1 Januari na ya ukurasa ni ile aliyoambiwa na mama yake. Mtu mkweli kabisa anaonekana tapeli. Kwa miaka mingi hapa Fizi, Uvira na Mwenga ugomvi wa makabila wa milimani umekuwa ukipiganwa pia mtandaoni, watu wakitukanana kwa kabila zao na kuripotiana kurasa kwa makundi, na wengi wanaopigana hivyo wanakaa mbali na moto wenyewe. Matusi ya chuki yaondolewe, sina shaka na hilo. Lakini wanaofungiwa kwa kuripotiwa na kundi la mahasimu ni pamoja na watu waliokuwa wakitafuta ndugu tu.

Nchi nzima inapotoweka

Wakati mwingine hakuna mkono uliogusa ukurasa, ila serikali imezima njia. Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilipiga kura ya rais. Kwa watu wa Makobola siku hiyo ilikuwa miaka ishirini kamili tangu mauaji yaanze. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ilikatwa nchini kote, na ilirudi baada ya karibu wiki tatu. Waliokuwa ng'ambo, wakitaka kuwakumbuka wafu wao pamoja na waliobaki nyumbani, waliandika na hawakujibiwa.

Uganda imefunga Facebook tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, baada ya kampuni kuondoa akaunti zilizohusishwa na wizara ya habari na mawasiliano ya nchi hiyo. Kuanzia hapo Mkongo wa Nakivale au Kyaka II anahitaji VPN ili kufungua ukurasa wake mwenyewe. Asiyejua namna ya kuitumia aliuacha ulivyokuwa, na kwa ndugu zake ni kama aliganda mwaka ule. Tanzania nayo ilizima intaneti tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, kwa siku kadhaa, na Nyarugusu ikanyamaza pamoja na nchi nzima. Kabla ya kumhukumu ndugu aliyenyamaza, angalia kwanza kama nchi aliyomo haijanyamazishwa.

Anayejificha ana haki yake

Nimesema kwamba wengi wanaopotea hawakukusudia. Wapo wanaokusudia, nao nawatetea kwa nguvu ileile.

Mwanamke aliyemkimbia mume mwenye kumpiga, akafika Baraka au akavuka hadi Kigoma, ana sababu ya kubadilisha jina na kuondoa picha. Kijana anayetakiwa na kundi lenye silaha ajiunge nalo ana sababu. Munyamulenge aliye Uvira ambaye jina lake tu linatosha kumletea mawe ana sababu, na Mbembe au Mfuliiru aliye mahali ambapo jina lake ndilo la adui ana sababu hiyohiyo. Anayejua kwamba kesho atapita kwenye bariyeri ambako simu hukaguliwa hufuta Facebook leo usiku. Picha moja ya binamu aliyevaa magwanda inaweza kumfikisha kaburini. Watu hawa wote, kwa ndugu zao, wametoweka. Na ndugu akianza kubandika picha ya mtu huyo kwenye makundi ya watu elfu nyingi, akiuliza nani amemwona, anaweza kuwa anamwelekeza yule anayekimbiwa.

Kwa hiyo napinga desturi iliyozoeleka sasa ya kurusha picha, jina kamili na kijiji cha mtu kila mahali mara tu tiki ya pili inapokosekana. Uliza kwanza watu wachache wanaomjua. Uliza kwa siri.

Kazi hii ya kumtafuta mtu bila kumhatarisha ilikwisha kufikiriwa vizuri muda mrefu kabla ya Facebook. Msalaba Mwekundu umekuwa ukiunganisha familia zilizotenganishwa na vita tangu vita vya Ufaransa na Prussia mwaka 1870, na umefanya hivyo Kongo na katika nchi za maziwa makuu kwa miaka mingi: barua fupi za habari za familia zinazopelekwa kwa mkono na watu wa kujitolea, simu za bure, na maombi ya kumtafuta mtu. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, redio nazo ziliingia. BBC ilianza kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi cha kusoma majina ya wanaotafutana, na Radio Kwizera ya Ngara, Tanzania, ilifanya kazi kama hiyo kwa watu wa kambini. Baadaye ndugu wawili wa Denmark, David na Christopher Mikkelsen, walianzisha REFUNITE, iliyofika hadi Kongo na iliyomwezesha mkimbizi kujiandikisha hata kwa simu ndogo ya kawaida, kwa jina la utani au kwa alama ya mwili ambayo ndugu pekee angeitambua, bila kutaja jina lake la kweli.

Kanuni ya Msalaba Mwekundu ndiyo ninayotaka kampuni za mitandao ziige. Anayetafuta huacha habari zake. Anayetafutwa akipatikana, huulizwa kwanza: unataka fulani ajue ulipo? Akikubali, wanaunganishwa. Akikataa, anwani haitolewi. Facebook, inayokisia kila siku ni nani unayemfahamu, haiwezi kushindwa kufanya hivyo: mama aandike namba ya zamani au jina la utoto, ujumbe umfikie mwenye ukurasa kimyakimya, na huyo aamue. Hakuna taarifa inayomwagika, hakuna picha inayorushwa. Tangu 2018 kampuni imekuwa na muda wa kutosha wa kuitengeneza njia hiyo.

Wakati tunaidai, yapo ya kufanya kwa mikono yetu. Ukibadilisha namba huku ya zamani bado unayo, tumia ile sehemu ya WhatsApp ya kubadilisha namba, itawaarifu watu unaowachagua. Jua kwa kichwa namba mbili za watu wasiokaa pamoja nawe. Simu ikiporwa, kichwa hakiporwi. Kama hujifichi, andika kwenye ukurasa wako tahajia zote za jina lako, la Makobola na la Nyarugusu na la Amerika. Neno la kutambuana, lile ambalo bibi pekee alikuwa akikuitia, usiliandike popote. Lihifadhi kwa siku ambayo mtu atakuja kukuambia kuwa ni ndugu yako na anahitaji pesa.

Na kwa yule ambaye ameshindwa kote, tovuti ya familylinks ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) iko wazi, na Msalaba Mwekundu wa Kongo hufanya kazi pamoja nao. Huduma hii hailipiwi chochote. Kabla ya kwenda, kaeni nyumbani na wazee, mkusanye yale watakayoyauliza. Wanataka jina kamili na namna nyingine linavyoandikwa, jina la nyumbani, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, kijiji alikokua, mwaka na mahali alipoonekana mara ya mwisho, na alikuwa na nani. Namba ya simu, kama ipo, nayo huandikwa.